Cheti cha Nélio Raposo

Kwetu hapa mtoto mwenye ulemavu husherehekewa kila siku yake ya kuzaliwa isipokuwa moja. Ile ya ishirini na moja, mama yake huoka keki huku anajifuta machozi kwa aproni, kwa sababu ndiyo siku ambayo sheria ya jimbo letu ilikuwa ikimtoa shuleni. Mwalimu, mkufunzi wa kazi, mtaalamu wa kumsaidia kutamka maneno, usafiri, vyote vilikatwa siku hiyo. Kesho yake kijana anakaa sebuleni na televisheni, ananenepa, anasubiri zamu yake kwenye foleni ya huduma za watu wazima, na hiyo foleni watu wanaota mvi ndani yake.

Nayajua haya kwa sababu kazi yangu ni kukaa nyuma ya dereva kwenye basi dogo la hao vijana, niwafunge mikanda, niwafute kamasi, niamue ugomvi wao. Jina langu ni Ermelinda Botelho. Wazee wetu walivuka bahari kutoka visiwa vya Azori kuja kusokota pamba kwenye viwanda vya mji huu, viwanda vikafungwa, sisi tukabaki. Nélio Raposo ni mtoto wangu wa ubatizo, na huniita Madrinha, yaani mama wa ubatizo. Mama yake, Graça, kwa ubatizo huo ni komadre wangu, na kwa watu wetu komadre humzidi dada, maana dada unapewa tu, komadre unamchagua.

Nélio alizaliwa na hali ya Down. Ni mfupi, mpana, ana shingo nene na mdomo usiojua kunyamaza. Asubuhi akipanda basi hunitazama juu hadi chini, kisha anamwambia dereva, "Endesha polepole, Madrinha ameongezeka, matairi yatapasuka." Basi zima linacheka, nami namtishia kofi ambalo sijawahi kumpiga. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema ana utovu wa adabu.

Baada ya kumaliza madarasa ya kawaida Nélio na wenzake waliwekwa kwenye nyumba ndogo nyuma ya shule ya sekondari, wanafundishwa kupika, kufua, kupanda basi la mjini. Lakini Nélio alichopenda ni asubuhi zake kwenye bekari ya mzee Medeiros. Shule ilimpeleka huko pamoja na mkufunzi wake, kijana mrefu aitwaye Corliss, ambaye alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele. Corliss alimfundisha kukanda, kupanga mikate, kukaa mbali na mdomo wa tanuri. Alimwambia Graça waziwazi kwamba kijana akipata mwaka mmoja mwingine tu, Medeiros atamwajiri mwenyewe, bila mtu wa kumsimamia. Bila mwaka huo, kazi yote ingekwenda na maji.

Kwa hiyo Graça akautafuta mwaka huo. Anafanya kazi ya kuchuna samaki kwenye kiwanda cha gatini, mikono yake ina makovu ya kisu, Kiingereza chake kinachechemea. Lakini alipanda gari na akina mama wenzake kwenda makao makuu ya jimbo, msimu baada ya msimu, akiwa amevaa koti lake la kwendea misa, kuwaambia wabunge kwamba umri wa kutolewa usogezwe mbele. Walimsikiliza, wakampa maji ya chupa, wakamrudisha. Akaenda tena. Majira yale ya kuchipua, Nélio akiwa na ishirini, sheria mpya ikapita: mtoto atahudumiwa mpaka atimize ishirini na mbili. Graça alinipigia simu, akanisomea sentensi hiyo mara mbili.

Sasa niseme habari ya sahihi, maana hapo ndipo tulipokatwa miguu. Huku kwetu mtoto akitimiza kumi na minane anakuwa na kauli yake, hata kama hajui kufunga kamba za viatu. Mzazi anayetaka kuendelea kuamua lazima aende mahakamani, athibitishe kwamba mwanawe hana uwezo wa kuelewa, ndipo apewe ulezi wa kisheria. Karibu akina mama wote huenda. Graça alikataa. Nilimsihi, nikamwambia komadre, ni karatasi tu, fanya kama wenzako. Akanijibu, "Nisimame mbele ya jaji niseme mwanangu hana akili? Nimemfundisha miaka yote aseme anachotaka, halafu nimnyang'anye ulimi?" Na kweli alikuwa amemfundisha. Katika vikao vya shule aliwazuia walimu wasizungumze na yeye badala ya Nélio. "Muulizeni mwenyewe," alikuwa akisema. "Yupo hapa, si kiti."

Tuna desturi nyingine inayohusu kuhitimu. Vijana wetu huvaa joho na kofia pamoja na wahitimu wengine, wanaandamana, wanaitwa majina, wanapewa mkono na jalada zuri la bluu. Ndani ya jalada hamna kitu. Jamaa wanashangilia, picha zinapigwa, na Jumatatu kijana anarudi darasani. Mgeni akiona atasema tunawachezea watoto, lakini hiyo ndiyo hekima yenyewe, kwa sababu sheria inasema anayepokea cheti chenyewe amemaliza. Awe na umri wowote, haki zake zote za shule zinakoma palepale. Kila mama kwenye basi langu anaijua kanuni hii kuliko sala ya Salamu Maria: jalada ndiyo, cheti hapana.

Sheria mpya haikuja na fedha. Wilaya ilitakiwa ikae na vijana mwaka mzima zaidi kwa bajeti ileile, na mkuu wa elimu maalumu, Bi Haverly, akaanza kupitia mafaili ya wanafunzi kutafuta nani anaweza kutoka mapema. Ni mwanamke wa sauti laini, anavaa shanga kubwa, anakushika mkono kwa mikono yake miwili. Simpendi na sijifichi. Alikuta kwamba Nélio, kwa alama za huruma za hapa na pale, ametosheleza masharti ya kuhitimu.

Aliita kikao mwezi wa Aprili. Graça alikuwepo, Corliss alikuwepo, na Nélio alikaa kichwani pa meza kama ilivyo kawaida yake, na tai. Graça ndiye aliyenisimulia, na Corliss akathibitisha neno kwa neno. Bi Haverly alimgeukia Nélio akamwambia, "Wewe sasa ni mtu mzima. Alama zako zimetosha. Ungependa mwezi wa Juni upewe cheti cha kuhitimu, kile chenyewe, kama binamu zako?"

"Nataka," alisema Nélio.

Graça akadakia kwamba hapana, haiwezekani, mtoto anaendelea, ana mwaka wake. Bi Haverly hakupandisha sauti.

"Bi Raposo, kwa heshima zote, uamuzi ni wa Nélio. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha tumsikilize."

Samaki akakaangwa kwa mafuta yake. Na ukiangalia vizuri, Bi Haverly hakusema uongo hata kidogo. Aliuliza nusu ya swali, basi. Ungependa cheti? Nani asingependa? Nusu ya pili, ile ya kwamba ukichukua cheti unamkosa Corliss na unaikosa bekari, aliiacha mkobani.

Nyumbani Graça akajaribu kuisema hiyo nusu ya pili. Alimweleza Nélio kwamba basi halitakuja tena, na kazi itakwisha. Nélio akamjibu kwa utulivu kwamba basi si neno, ana miguu, na kazi haiwezi kwisha kwa sababu mzee Medeiros anamjua na amemwekea aproni yenye jina. Hakujua kwamba ile kazi ilikuwa ya shule. Bima ilikuwa ya shule, mkufunzi alikuwa wa shule, hata posho ilitoka shuleni, na Medeiros, pamoja na wema wake wote, asingeruhusiwa kumweka karibu na tanuri bila Corliss. Jambo hilo hata watu wazima wengine hawalielewi mpaka liwafike.

Na nyumba yenyewe ilikuwa imegawanyika. Mumewe Graça, Adelino, ni fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu. Alitolewa shule kisiwani akiwa mdogo ili akamue ng'ombe wa watu. Niliwakuta wanagombana jikoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema sentensi mbili kwa mfululizo. "Hakuna Raposo aliyewahi kuwa na cheti, si mimi, si baba, si babu. Anapewa cha kweli, na wewe unataka apewe kava tupu kama mtoto anayecheza duka."

"Nataka apewe kazi," alisema Graça.

"Amesema anataka. Ulisema tumsikilize. Au tumsikilize akisema unachotaka wewe?"

Siku chache baadaye Nélio akatia sahihi karatasi ya kukubali cheti. Aliandika jina lake lote kwa herufi za kuunganisha, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kwa bidii.

Juni akapewa. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, sitasema uongo, kwa sababu alipotajwa alisimama katikati ya jukwaa, akafungua jalada, akakuta karatasi ndani, akaiinua juu kwa mikono miwili kuuonyesha ukumbi mzima. Wenzake wa miaka ya nyuma walikuwa wamemwambia kwamba ndani hamna kitu. Watu wazima walilia. Baadaye tulikula kwenye ukumbi wa udugu wa Roho Mtakatifu, supu ya nyama na mkate na mnanaa, mikate mitamu, divai. Adelino alicheza na mgongo wake ule ule mbovu. Alikuwa ameshanunua fremu, na cheti kikatundikwa sebuleni kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Graça aliwagawia watu chakula usiku kucha na hakuonja kitu.

Jumatatu basi letu lilipita nyumbani kwao, kwa sababu njia ni ileile, vijana wa kiangazi tunawachukua. Jina la Nélio lilikuwa limeondolewa na tuliambiwa tusimpakie mtu asiyeandikishwa. Alikuwa getini amevaa aproni. Dereva alipunguza mwendo bila kukusudia, kisha akaongeza. Nélio akapunga mkono, akadhani tumesahau. Vijana ndani wakaanza kupiga kelele kwamba Nélio ameachwa, simameni, Nélio ameachwa, na mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikawaambia wakae chini. Sijawahi kujichukia kama asubuhi ile.

Alikwenda kwa miguu. Alifika bekari mwenyewe, akavuka barabara zote salama kama Corliss alivyomfundisha. Mzee Medeiros alimkumbatia, akampa mkate wa moto, akamwambia arudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena. Akaenda wiki nzima, akirudishwa na mkate, mpaka binti yake Medeiros akampigia Graça kumwomba amzuie, kwa sababu baba yake kila akimfukuza anakwenda stoo kulia. Nélio akaacha kwenda. Akakaa sebuleni, chini ya cheti chake, na televisheni. Graça alirudi kutoka kiwandani akamkuta na pijama saa tisa alasiri, na hapo ndipo alipoenda kutafuta wakili.

Chama cha wazazi kilimpatia mmoja bila malipo, Bi Oakes, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno. Alisema mlango ni mmoja. Graça aombe ulezi wa kisheria, na mahakama itamke kwamba Nélio hakuwa na uwezo wa kuelewa alipotia sahihi. Wakipata hilo, wilaya haitapigana, itafuta cheti na kumrudisha mpaka ishirini na mbili. Lakini lazima mama mwenyewe aseme, kwa kinywa chake, na kijana awepo. Sheria inamtaka awepo kwa ajili ya heshima yake. Nilicheka niliposikia hilo neno heshima, na Bi Oakes hakupenda.

Adelino alimwambia mkewe kwamba anakwenda kumvua mwanaye nguo mbele za watu, na kwamba yeye hatakuwepo kutazama. Kwa hiyo tulikwenda watatu, mimi, Graça na Nélio. Nélio alivaa tai. Alitaka kubeba cheti amwonyeshe jaji, Graça akamwambia akiache.

Jaji alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliotuumiza. Alimwuliza Nélio kama anajua yuko wapi. Nélio akasema, "Kortini. Wewe ndiye jaji. Una joho kama langu." Watu wakacheka, jaji naye akacheka. Akamwuliza afanye nini akiona moshi unatoka kwenye tanuri. Nélio akajibu kwamba anatoka nje, anaita mtu, na harudi kuokoa mkate hata kama ni mzuri. Kila jibu lilikuwa zuri. Nilikaa pale najivuna na kuogopa kwa pamoja, maana kila jibu zuri lilikuwa linampeleka sebuleni. Bi Oakes aliandika kitu akamsogezea Graça, nami nikasoma: Itabidi useme wewe.

Graça akaitwa. Bi Oakes akamwuliza kama mwanawe anaelewa matokeo ya maamuzi yake.

"Haelewi," alisema Graça.

Aliambiwa aeleze. Akasema kwamba Nélio anasema ndiyo kwa kila mtu. Akasema siku moja alimfungulia mlango mtu asiyemjua akampa redio ya baba yake kwa sababu ameombwa vizuri. Akasema bado anamkagua kama ameoga. Sauti yake ilikuwa imekufa, kama mtu anayesoma bei za samaki. Kisha akasema, "Ni mtoto mdogo ndani ya mwili wa mwanamume. Ukimwuliza anataka nini, haina maana."

Nélio alisimama. "Mama, mimi naelewa."

"Huelewi, mwanangu."

"Naelewa. Niulize."

"Huelewi," alisema Graça. "Kaa chini, unyamaze."

Akakaa. Jaji akampa Graça ulezi, akamsifu kwa kuwa mama shujaa. Nje, kwenye ngazi, Graça alitapika kwenye kikapu cha maua ya mahakama, na Nélio akamshikia mkoba.

Wilaya haikupigana, kama tulivyoambiwa. Walitaka tu cheti kirudishwe. Adelino alikiteremsha mwenyewe, akakitoa kwenye fremu, akakiweka mezani mbele ya mkewe karibu na sahani ya chewa wa chumvi, akaenda kazini. Nélio alimtazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Septemba akarudi kwenye basi. Nilimfunga mkanda nikamchokoza, nikamwambia nimeongezeka tena, amwambie dereva aendeshe polepole. Akatazama dirishani. Nikajiambia atazoea, mtoto ni kama unga, ukiuacha utaumuka. Bekarini alifanya kazi vizuri, Corliss alisema mikono yake haijasahau kitu, na mzee Medeiros akaanza kuulizia habari za bima yake mwenyewe ili aweze kumwajiri. Kila kitu tulichokiomba kilikuja. Siku yake ya ishirini na moja ilipofika tulikula keki bila machozi, na kesho yake basi lilipita.

Mwezi huohuo kikaitwa kikao cha mwaka. Graça aliniomba nimsindikize, nami nikakaa pembeni yake. Nélio hakwenda kichwani pa meza. Alivuta kiti karibu na mlango, bila tai. Bi Haverly aliingia na shanga zake, akatushika mikono kana kwamba hatujawahi kukutana popote, akasoma mpango wa mwaka, malengo, saa za bekari. Kisha, kwa mazoea au kwa aibu, Mungu ndiye ajuaye, akamgeukia Nélio.

"Na wewe mwenyewe, Nélio, ungependa nini mwaka huu?"

Graça aliinamisha mwili mbele. Nilimwona. Alikuwa akimwomba kwa macho aseme kitu, chochote, hata aseme anataka kwenda mwezini.

Nélio alikuwa akichuna unga mkavu uliokwama kwenye kucha. Hakuwa na hasira. Alimjibu kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni ofisi sahihi.

"Muulizeni mama," alisema. "Mimi nilishindwa kortini."

Bi Haverly alishusha macho kwenye karatasi zake, akazisogeza mbele ya Graça, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Graça alishika kalamu, akauliza kama ni hapa tu au na ukurasa wa nyuma. Akaambiwa kote kuwili.